Mzee Aliyependa Wanyama: Anza na Jina la Mbwa Wake

Karibu kila ukoo una mtu mmoja wa zamani ambaye akitajwa tu, wazee hutabasamu. "Yule? Yule alipenda wanyama." Kisha kimya. Anaweza kuwa baba wa babu yako, shangazi wa bibi, au mjomba aliyefariki kabla wazazi wako hawajakutana. Maneno hayo matatu ndiyo yaliyobaki ya maisha ya miaka sabini, na ubaya wake ni kwamba yanamfaa mtu yeyote. Lakini ukiambiwa kwamba kila jioni alikuwa akiwatoa ng'ombe wake kupe mmoja mmoja kwa vidole na kuwatumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa, na kwamba hakuna aliyethubutu kumsemesha mpaka amalize, hapo umempata mtu. Unamwona ameinama.

Nataka kueleza namna ya kutoka kwenye yale maneno matatu hadi kwenye lile kopo. Kazi hii ina njia zake, na ina makosa ambayo ukiyafanya mara moja hayarudi nyuma: picha inayochanika ikibanduliwa, mzee anayefariki kabla hujarudi kumalizia, kinasa sauti kilichowekwa karibu na redio.

Muulize habari za mnyama kwanza

Ukimuuliza mzee, "Babu alikuwa mtu wa namna gani?" atakujibu kwa lugha ya msibani: alikuwa mwema, mkarimu, mcha Mungu. Hakudanganyi. Swali lenyewe ndilo lililoomba jibu hilo. Sasa muulize, "Yule mbwa wake alikuwa anaitwa nani?" Jina likija haliji peke yake. Linakuja na mahali alipokuwa akilala, nani aliyekuwa akimfukuza jikoni, na siku alipomkamata kuku wa jirani ikabidi babu akalipe.

Sababu ni kwamba wanaomkumbuka leo mtu aliyefariki miaka sitini iliyopita walikuwa watoto wakati ule. Mtoto wa miaka mitano hamjui mtu mzima kwa mawazo yake. Anamjua kwa vitu vilivyoko kwenye kimo chake: mkia wa mbwa, vifaranga, ndoo ya maziwa, viatu vyenye samadi, mluzi unaotoka zizini. Kumbukumbu iliwekwa huko chini, na ndiko inakopaswa kutafutwa.

Maswali yanayozaa ni yale yanayojibiwa kwa kitendo. Alimwitaje: kwa jina, kwa mluzi, kwa kugonga kopo? Mwombe mzee aupige mluzi huo au aigize hiyo sauti, na uhakikishe unarekodi, kwa sababu hicho ni kitu ambacho maandishi hayawezi kukibeba. Alilala wapi usiku wa mvua? Nani alimlisha mwenyewe akisafiri, na alipewa maagizo gani? Akiugua alipewa dawa gani, na nani aliyemshika kichwa? Ni jambo gani ambalo ukimfanyia mnyama mbele yake ungekiona cha moto? Nani katika nyumba hakumpenda mnyama huyo? Swali hili la mwisho usiliache, maana anayelalamika hukumbuka vizuri kuliko anayesifu. Bibi aliyechoshwa na njiwa kunya kwenye maji ya kunywa atakueleza banda lilikuwa upande gani wa nyumba, lilikuwa na matundu mangapi, na lilibomolewa mwaka gani.

Uliza pia mnyama aliishia wapi. Alizikwa, aliuzwa, alichinjwa, alipotea? Nani alichimba shimo? Wengi hupita mbali na swali hili wakidhani ni la huzuni. Ni la huzuni kweli, lakini ndilo linalofungua milango, kwa kuwa kifo cha mnyama mara nyingi ndicho kifo cha kwanza ambacho mtoto alikiona kwa macho, na mara nyingi ndipo alipomwona mtu mzima wa kiume akitokwa na machozi kwa mara ya kwanza.

Kuhusu kurekodi, simu inatosha. Iweke kwenye hali ya ndegeni ili isiite katikati, juu ya kitambaa kilichokunjwa na si juu ya meza tupu, kwa sababu kila kikombe kinachowekwa mezani kitasikika kama mlango unaogongwa. Umbali wa sentimita 30 hivi kutoka mdomoni unafaa. Zima feni na redio. Rekodi nusu dakika, isikilize, ndipo uanze. Mwanzoni kabisa taja kwa sauti tarehe, mahali, na nani anazungumza, na umwombe aseme mwenyewe kwamba amekubali kurekodiwa. Dakika 45 hadi 60 zinatosha kwa siku moja. Zaidi ya hapo mzee huanza kujibu ili umalize uondoke. Akinyamaza, subiri. Hesabu mpaka saba kimoyomoyo kabla ya kusema lolote. Jambo zuri huja mara nyingi baada ya kimya kile, na anayeuliza swali jingine haraka huwa amelikata.

Usimsahihishe. Akisema mbwa alikuwa mweusi na wewe una picha inayoonyesha mwenye mabaka, mwache amalize, kisha umwonyeshe picha. Huenda wote wawili wako sahihi, kwa sababu mbwa walikuwa wawili.

Hili la majina ndilo mtego mkubwa kuliko yote. Familia nyingi hurithisha jina: Simba akifa, mtoto wa mbwa anayefuata naye huitwa Simba, na wa tatu vilevile. Baada ya miaka hamsini Simba watatu wameyeyuka wakawa mbwa mmoja aliyeishi miaka thelathini, aliyekuwa mweupe na mweusi, mpole na mkali. Ukisikia simulizi inayogongana, uliza, "Huyu ni Simba yupi? Yule wa kabla shangazi hajaolewa, au wa baadaye?" Wape namba katika daftari lako, Simba wa 1, wa 2, wa 3, na kila habari uiandike chini ya namba yake. Usipokuwa na uhakika, iweke chini ya alama ya kuuliza na uiache hapo mpaka ipatikane shahidi mwingine.

Kila habari pia iwe na daraja. Mimi naona madaraja matatu yanatosha: aliona mwenyewe, alisimuliwa na aliyeona, au anasikia watu wakisema. Andika herufi pembeni, O, S, W, saa ileile unaponakili. Nakala yenyewe ifanye mapema, maana saa moja ya maongezi huchukua saa nne hadi sita kuiandika neno kwa neno kwa mtu asiyezoea, na ukiicheleweshea mwezi mzima hutakumbuka tena alikuwa akionyesha nini kwa mkono aliposema "mkubwa hivi".

Kuna visa vinavyohama kutoka familia hadi familia. Kinachohama zaidi ni cha mbwa aliyelala juu ya kaburi la bwana wake au aliyemngoja pasipo kukoma. Visa vya kweli vya namna hiyo vipo. Hachikō wa Japani alizaliwa mwaka 1923, bwana wake akafariki Mei 1925, naye akaendelea kwenda stesheni ya Shibuya mpaka alipokufa Machi 1935. Ila umaarufu wa visa kama hivyo umefanya familia nyingine ziwavishe wanyama wao visa hivyo bila kukusudia. Usikatae, wala usikubali upesi. Uliza mambo madogo: alikaa siku ngapi? Nani alimpelekea maji? Mwishowe aliondokaje, aliitwa au alibebwa? Kama kuna mtu aliyebeba maji, na anakumbuka chombo alichobebea, una tukio. Kama hakuna anayejua chochote zaidi ya kaburi na mbwa, andika kwamba ndivyo inavyosimuliwa, basi.

Mnyama ni kalenda

Wazee wa zamani hawakuhesabu miaka kama tunavyohesabu, lakini walijua mnyama gani alizaa lini. "Nilizaliwa mwaka ule mtamba mwekundu alipozaa mapacha" si kauli ya kupuuzwa. Mimba za wanyama zina muda unaojulikana, na muda huo unakusaidia kupima. Ng'ombe hubeba siku 283 hivi. Mbuzi ni siku 150, mbwa 63, farasi karibu 340, na punda hupitisha mwaka kidogo. Kuku huatamia siku 21, njiwa 17 au 18. Mzee akikwambia babu alifariki mbwa jike akiwa tayari na mimba, na watoto wa mbwa walifumbua macho wiki ya sikukuu fulani, unaweza kuhesabu kurudi nyuma. Watoto wa mbwa hufumbua macho wakiwa na siku 10 hadi 14. Kwa hiyo walizaliwa wiki mbili kabla ya sikukuu, na kifo kiko ndani ya zile siku 63 zilizotangulia. Umetoka kwenye "zamani sana" ukafika kwenye miezi miwili.

Umri wa kuishi nao unakata ubishi. Mbwa wengi huishi miaka 10 hadi 13, wenye maumbo makubwa chini ya hapo, na anayevuka 20 ni nadra mno. Kwa hiyo mbwa aliyekomaa katika picha ya 1931 hawezi kuwa yule wa picha ya 1950, hata wakifanana vipi. Paka hufika 15, wengine 20. Farasi 25 hadi 30. Punda 30, na aliyetunzwa vizuri hufika 40. Kasuku wa kijivu anaweza kuishi miaka 40 hadi 60, yaani anaweza kumzika bwana wake akaendelea kuita majina ya watoto kwa sauti ya marehemu. Kama kasuku wa aina hiyo bado yuko katika familia, mrekodi leo. Kobe ndio kabisa: kobe aitwaye Jonathan, wa kisiwa cha Saint Helena, aliletwa huko mwaka 1882 akiwa tayari mkubwa, na anakadiriwa kutotolewa karibu na 1832. Kobe wa nyumbani si wa aina yake, lakini wengi huishi miaka mingi ya kutosha kupita vizazi viwili vya watu.

Halafu kuna maafa. Ukisikia "mwaka ng'ombe walipokwisha", fikiria sotoka, iliyoteketeza mifugo ya Afrika miaka ya 1890 na kabla ya hapo ikasumbua Asia na Ulaya kwa karne nyingi, mpaka ilipotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Ukisikia farasi au nyumbu walichukuliwa na askari, unatafuta vita gani na wanyama wangapi. Katika vita vya 1914 hadi 1918 majeshi yalichukua wanyama wa watu wa kawaida kwa wingi sana, na mtu aliyependa wanyama aliyepitia hilo huwa ameacha alama mahali fulani: barua, risiti, au uzito wa kutotaka kufuga tena.

Waliofuga njiwa wa mashindano wameacha ushahidi bora kuliko wote. Pete ya mguuni huvalishwa kinda akiwa na siku 5 hadi 10 tu, kabla kiganja cha mguu hakijawa kikubwa. Baada ya hapo haitoki wala haiingii. Na pete hiyo huchorwa mwaka. Kijikopo cha pete kuukuu kilichosahauliwa kwenye droo ni orodha kamili ya miaka ambayo mtu huyo alikuwa akipanda ngazi ya banda kila alfajiri.

Picha: tazama mkono, kisha tazama macho ya mnyama

Picha nyingi za kale zina mnyama pembezoni, na watu humpita. Chukua kioo cha kukuzia. Angalia kwanza mkono wa mtu ulivyomgusa mnyama. Mkono ulioshika ukanda wa shingo kwa ngumi ni wa anayemzuia. Labda mnyama si wake. Mkono uliolala nyuma ya sikio, vidole vimelegea na kuzama kwenye manyoya, ni wa mazoea ya kila siku. Kisha fuata macho ya mnyama. Asipoitazama kamera, anamtazama nani? Mara nyingi anamtazama mtu aliye nje ya picha, kando kidogo ya mpigapicha, na huyo ndiye anayemtii. Unaweza kuwa na picha kumi ambazo mzee wako haonekani hata moja, naye yumo katika zote kumi kwa jinsi mbwa alivyogeuza shingo.

Ukungu kwenye mkia au kichwa una maana pia. Picha za mwanzo kabisa, zilizoanza kutangazwa mwaka 1839, zilihitaji mtu atulie kwa muda mrefu, kwa hiyo mnyama aliyetoka wazi ama alikuwa amelala, ama ameshikwa, ama amekufa. Kamera za bei nafuu za mkononi, hasa baada ya Kodak kutoa Brownie mwaka 1900, ndizo zilizoingiza mbuzi, paka na kuku kwenye picha za nyumbani kwa wingi.

Kuna kosa moja ambalo limeharibu mahesabu ya wengi. Picha za bati (za kuanzia 1856, sumaku ndogo ikikaribishwa inavutwa) na zile za awali zenye mng'ao wa kioo mara nyingi zimegeuka kulia kushoto. Ng'ombe mwenye doa jeupe bega la kushoto ataonekana nalo kulia. Kabla hujasema hawa ni wanyama wawili tofauti, tazama vifungo vya koti: shati au koti la mwanamume kwa kawaida hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu, na vikiwa kinyume, geuza picha. Filamu iliyowekwa kifudifudi kwenye skana hufanya kosa hilohilo.

Na rangi? Vioo vya kupigia picha na filamu za zamani havikuhisi wekundu. Mbwa wa rangi ya hudhurungi nyekundu hutoka karibu mweusi, na macho ya buluu hutoka meupe ya kutisha. Filamu zinazohisi rangi zote zilienea miaka ya 1920 na 1930. Kwa sababu hiyo siamini kabisa programu zinazopaka rangi picha za kale. Zinakisia, na mtoto wa miaka minane leo ataikuta rangi hiyo na kuiamini maisha yake yote. Rangi ya mnyama muulize mtu aliyemwona. Asipokuwepo, iache picha kama ilivyo.

Kuzipanga kwa mfuatano, tumia pua. Mbwa wengi huanza kupata mvi mdomoni katikati ya umri wao, na mvi hupanda kuelekea machoni. Ukiwa na picha sita za mbwa mmoja, zipange kwa weupe wa mdomo, na watoto waliomo kwenye picha hizo watajipanga wenyewe kwa umri.

Sasa mikono yako. Shika picha kwa kingo, ukiwa umenawa na kukauka. Skani kwa nukta 600 kwa inchi. Picha ndogo kuliko kiganja, 1200. Filamu ya milimita 35, kuanzia 3000. Hifadhi nakala ya kwanza kama TIFF (aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha) usiyoigusa tena, na ukitaka kupunguza mikwaruzo fanya kwenye nakala ya pili. Skani na mgongo wa picha pia, hata kama unaona mtupu, kwa sababu mihuri ya studio na maandishi ya penseli yaliyofifia huonekana baadaye ukiongeza utofauti wa mwanga.

Albamu zile zenye kurasa za gundi na plastiki ya kufunika ni adui. Gundi hukauka, hula picha kwa nyuma, na plastiki hutoa kemikali. Picha iliyonasa usiivute kwa kucha. Pitisha uzi wa kusafishia meno usio na ladha chini yake, ukiusogeza taratibu kama msumeno, kuanzia kona moja. Ikigoma, acha, skani ukurasa mzima. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu isibanduliwe kamwe nyumbani. Skani kupitia kioo hichohicho.

Maandishi ya mgongoni yawe kwa penseli laini ya 2B, pembeni, picha ikiwa imelala juu ya kitu kigumu. Kalamu ya wino hupenya ikatokea upande wa pili baada ya miaka. Picha za karatasi yenye utando wa plastiki, zilizoenea tangu miaka ya 1970, hazikubali penseli. Andika kwenye bahasha isiyo na asidi kabla hujaitia picha ndani. Filamu inayonuka siki imeanza kuoza, itenge na nyingine na uiskani mapema. Ile iliyonata, ya rangi ya kaharabu, ya kabla ya miaka ya 1950, huenda ni ya naitreti, ambayo hushika moto kwa urahisi sana: isikae darini kwenye joto, wala kwenye kopo lililofungwa, na uwaulize watu wa nyaraka au zimamoto namna ya kuiondoa.

Ukanda, kengele, ngozi

Vitu vya mnyama hudumu kuliko vya mtu, kwa kuwa hakuna anayeona haja ya kuvirithi wala kuvigombania. Ukanda wa shingo una tundu moja lililopanuka kuliko mengine. Pima kutoka hapo hadi kwenye bizimu, na unajua unene wa shingo ya mbwa. Lijamu ina upande uliolika zaidi, na inaonyesha farasi aliegemea upande gani. Kengele ina sauti. Irekodi.

Ngozi kuukuu ikitoa vumbi jekundu mkononi, usiipake mafuta. Watu hufanya hivyo kwa upendo, na mafuta huizidishia weusi na kunata bila kuiponya. Ifunge kwenye karatasi isiyo na asidi, mahali pakavu. Ukijani wa nta unaotokea pale shaba inapogusana na ngozi upanguse kwa kijiti cha mti na pamba kavu, basi. Manyoya, singa au tandiko la sufu lenye dalili za nondo liweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa na kutolewa hewa, kisha kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa wiki mbili. Ukilitoa, usiufungue mfuko kwa saa 24, ili unyevu ugande nje ya mfuko na si kwenye sufu.

Onyo moja zito. Ndege au mnyama aliyekaushwa na kujazwa, aliyetengenezwa kabla ya miaka ya 1980, mchukulie kama mwenye arseniki mpaka ithibitishwe vinginevyo. Walipaka ngozi kwa sabuni ya sumu ili wadudu wasiile. Usimpanguse vumbi kwa mkono mtupu, usimpulize, usimpe mtoto amshike. Vaa glavu na barakoa, mfunike, na uoshe mikono.

Karatasi nazo zipo. Daftari la maziwa au mayai, kadi ya chanjo, leseni ya mbwa, risiti ya chumvi ya mifugo. Barua zisome kuanzia mwisho. Mwanzo ni salamu na afya. Wanyama hutajwa pale chini, karibu na sahihi, nafasi ikiwa imebanana: "yule mweupe amezaa, wote wazima". Kaseti za zamani kabla ya kuzicheza vunja vile vimeno viwili vya juu ili usizirekodie juu kwa bahati mbaya, na usikilize kwa nyuma ya sauti za watu. Jogoo na mbwa waliomo humo ni wa kwake.

Unapoandika

Usimfanye malaika. Mtu huyu huyu aliyelala zizini na ndama mgonjwa alichinja pia, aliuza, alizamisha vitoto vya paka visivyo na mahali pa kwenda. Ukiyaficha hayo, wajukuu watapata mtu wa katuni. Andika vyote viwili kwa uzito uleule, na mara nyingi utakuta upendo umejificha ndani ya tendo lenyewe gumu: kisu kilichonolewa mbali ili mnyama asisikie, au mwenye mifugo aliyekataa mtu mwingine yeyote asimshike yule maksai siku yake ya mwisho.

Majina ya faili yaanze na mwaka, kisha mnyama, kisha mtu, kisha namba: 1934k-simba2-babu-mzaa-baba-007, ambapo k ni "karibu na". Maelezo ya picha yasipungue mambo matano: nani, mnyama gani, wapi, lini na umejuaje, na nani alikwambia. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine. Kila baada ya miaka mitano hivi hamishia kwenye kifaa kipya. Chapisha pia kwenye karatasi; kijitabu cha kurasa ishirini kilichogawiwa kwa binamu kumi kina nafasi ya kudumu kuliko diski moja iliyofungiwa kabatini.

Rasimu ya kwanza msomee mzee aliyekusimulia, kwa sauti, polepole, akiwa na picha mkononi. Somea habari za mnyama kwanza. Atakukatiza, pengine kwa ukali: hapana, huyo hakuwa wa babu, alikuwa wa dada yake, babu alimchukua dada alipofariki kwa sababu hakuna mwingine aliyemtaka. Weka karatasi chini, bonyeza kitufe cha kurekodi, na umwombe aanze tena hapo kwa dada.